Namba Moja Mara 24! Rekodi za Seiko Matsuda na Waliojaribu Kumfikia

Japani ina kampuni iitwayo Oricon, na kazi yake kubwa ni kuhesabu: santuri ngapi zimeuzwa wiki hii, nani yuko juu, nani kaporomoka. Kwa nyota vijana wa Kijapani, wale wanaoitwa aidoru, wanaoibuliwa wakiwa na miaka 14 au 16 na kufundishwa kuimba, kucheza na kutabasamu mbele ya kamera, orodha hiyo ndiyo uwanja wa mashindano. Wengi hawafiki kileleni hata mara moja. Msichana mmoja alifika, akakaa, akakataa kushuka. Huyo ndiye kipimo chetu hapa. Wengine wote tutawapanga kando yake.

1. Mlolongo mrefu kuliko yote ya enzi yake: singo 24

Seiko Matsuda alizaliwa Machi 1962 katika mji wa Kurume, kisiwani Kyushu, kusini mwa Japani. Singo yake ya kwanza, "Hadashi no Kisetsu", ilitoka 1 Aprili 1980 na kuishia nafasi ya 12. Ya pili, "Aoi Sangosho", ikapanda hadi ya 2. Ya tatu, "Kaze wa Akiiro", iliyotoka 1 Oktoba 1980, ikashika namba moja.

Kuanzia siku hiyo hakuna singo yake iliyokubali kukaa chini ya nyingine. Nne za mwaka 1981 zilikuwa namba moja. Nne za 1982, namba moja. Nne za 1983 na nne za 1984, namba moja. Tatu za 1985, vilevile. Mlolongo ukaendelea hadi "Tabidachi wa Freesia" ya Septemba 1988. Hesabu yake ni 24, hakuna hata moja iliyoteleza njiani.

Weka idadi hiyo kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Kushinda 24 mfululizo ni kuanza msimu na kufika raundi ya 24 bila sare, bila kufungwa, mashabiki wa upande wa pili wakiwa wameshaacha kununua tiketi. Au ipime kwa shule: mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 1981 alimkuta Seiko kileleni. Akamaliza darasa la saba mwaka 1987. Akaingia kidato cha kwanza. Seiko bado yuko kileleni!

Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Pink Lady, wasichana wawili, Mie na Kei, waliotingisha Japani nzima miaka ya 1970 kwa nyimbo 9 mfululizo za namba moja. Seiko aliipita Februari 1983 kwa "Himitsu no Hanazono", namba moja yake ya kumi, kisha akaongeza 14 juu yake. Kwa waimbaji wa kike wanaosimama peke yao, 24 zake zilidumu hadi 2010, Ayumi Hamasaki alipofikisha 25. Miaka 22 rekodi ilisimama wima.

Na mlolongo ulikatikaje? Kwa nafasi moja tu. "Precious Heart" ya mwaka 1989 iliishia namba 2.

2. Kikosi kizito zaidi cha watunzi

Rekodi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na naamini ndiyo iliyozaa ile ya kwanza. Sauti peke yake haikai kileleni miaka minane. Inahitaji watu wa kuilisha.

Kwanza mtu wa maneno. Takashi Matsumoto alikuwa mpiga ngoma wa Happy End, bendi ya roki ya miaka ya 1970 iliyothubutu kuimba roki kwa Kijapani wakati wengi waliamini haiwezekani. Bendi ilipovunjika, akageukia kuandika mashairi ya nyimbo za wengine. Kuanzia "Shiroi Parasol" ya Julai 1981 hadi "Heart no Earring" ya mwisho wa 1984, maneno ya kila singo ya Seiko yalitoka kwake. Singo 14, mshairi mmoja, zote namba moja.

Kisha Matsumoto akawaita wenzake wa zamani. Eiichi Ohtaki, wa Happy End, akatunga "Kaze Tachinu". Haruomi Hosono, wa Happy End hiyohiyo, na wakati huo akiwa kiongozi wa bendi ya Yellow Magic Orchestra, akatunga "Tengoku no Kiss" na "Glass no Ringo". Bendi ya watu wanne, na watatu kati yao waliweka mkono kwenye singo za msichana mmoja wa miaka ishirini hivi! Motoharu Sano, mwanaroki mwingine mwenye jina zito, alitunga "Heart no Earring" akijificha nyuma ya jina Holland Rose.

Aliyewapita wote kwa kujificha ni Yumi Matsutoya, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa akijaza kumbi na kuuza albamu kwa wingi wa kutisha. Alitunga "Akai Sweet Pea", "Nagisa no Balcony", "Hitomi wa Diamond" na nyinginezo kwa jina la Karuho Kureta, alilolichonga kutoka kwa mwigizaji wa sinema Greta Garbo. Mpinzani wa sokoni akimtungia mpinzani wake vibao vya namba moja, kimoja baada ya kingine: sijui mfano mwingine unaokaribia huu popote.

"Akai Sweet Pea", ya Januari 1982, haikuwa singo yake iliyouzwa zaidi. Lakini ndiyo ambayo Mjapani yeyote wa umri wa kati atakutajia kwanza ukimuuliza kuhusu Seiko, na mimi namuunga mkono. Inaanza taratibu, inapanda bila kupiga kelele, na sauti ya Seiko inabaki na ile chembe ya kukwaruza kidogo ambayo mafunzo hayawezi kumpa mtu.

3. Kasi ya kiwandani: albamu 10 ndani ya miezi 53

"Squall", albamu yake ya kwanza, ilitoka Agosti 1980. "Windy Shadow", ya kumi, ilitoka Desemba 1984. Albamu kumi za studio, mbili kila mwaka, moja katikati ya mwaka na moja kuelekea mwisho wake, huku singo tatu au nne zikitoka kila mwaka na televisheni ikimtaka kila wiki. Wasanii wengi hawafikishi kumi maishani mwao mwote.

Kasi hiyo ilikuwa na picha yake maarufu. Katika kipindi cha televisheni The Best Ten, kilichorushwa moja kwa moja, Seiko aliwahi kutua kwa ndege uwanja wa Haneda, Tokyo, akashuka ngazi za ndege na kuimba "Aoi Sangosho" palepale chini kwenye lami. Hakukuwa na muda wa kumfikisha studio.

4. Wimbo wa upande wa pili uliopanda zaidi: "Sweet Memories"

Agosti 1983 "Glass no Ringo" ilitoka. Upande wa pili wa santuri uliwekwa wimbo wa polepole, wenye harufu ya jazi na ubeti wa Kiingereza, "Sweet Memories". Nyimbo za upande wa pili kwa kawaida husikilizwa na mwenye santuri tu, tena siku ya mvua.

Kisha kampuni ya Suntory ikautumia kwenye tangazo la bia ya kopo: pengwini wa katuni anaimba baa, wengine wanamsikiliza machozi yakiwalenga. Jina la mwimbaji halikuonyeshwa mwanzoni. Watu wakaanza kuuliza, huyu anayeimba ni nani? Wengi hawakuamini kwamba ni yule yule msichana wa magauni ya malaika. Jibu lilipojulikana, santuri ikatolewa upya, pande zote mbili zikipewa heshima sawa, ikarudi kileleni kwa mara nyingine. Iliuzwa zaidi ya nakala laki 8, nyingi kuliko singo yake yoyote ya miaka ya 1980. Upande wa pili ulibeba upande wa kwanza mgongoni!

Matangazo yalikuwa yamemtendea vingine mwanzoni. Wimbo wake wa kwanza kabisa ulikuwa wa tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido iliyobeba jina la vishimo vya mashavuni. Seiko hakuwa navyo. Sauti yake ikasikika, sura ikaonyeshwa ya msichana mwingine.

5. Mauzo makubwa zaidi: hapa Seiko anapitwa

Tuwe wakweli kwenye mizani. Singo yake pekee iliyovuka milioni moja ni "Anata ni Aitakute", ya Aprili 1996, aliyoandika maneno yake mwenyewe akiwa na miaka 34. Ilikuwa namba moja yake ya 25 na iliuzwa nakala zipatazo milioni 1.1. Ukizigawa kwa wakazi wa Kaunti ya Kisumu kwa sensa ya 2019, watoto wachanga wakiwemo, karibu kila mmoja anapata yake. Kwa aidoru aliyeanza miaka 16 nyuma, wakati wenzake wengi walishastaafu, ni ushindi wa ajabu.

Lakini juu yake kuna milima. Namie Amuro, binti wa Okinawa, aliuza karibu nakala milioni 2.3 za "Can You Celebrate?" mwaka 1997, kiwango kikubwa kuliko cha mwanamke mwingine yeyote aliyeimba peke yake Japani. Gawia Unguja na Pemba nzima kwa sensa ya 2022, kila mtu nakala moja, na zinabaki karibu laki 4.

Wavulana watano wa kundi la SMAP walitoa "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" mwaka 2003. Mwaka 2016, habari za kuvunjika kwa kundi zilipoenea, mashabiki waliamua kununua tena wimbo ambao tayari walikuwa nao nyumbani, wakausukuma kupita milioni 3. Hiyo ni sawa na Mkoa wa Kagera wote.

Na kileleni kabisa mwa singo zote za Japani? Si aidoru. Ni wimbo wa watoto wa Desemba 1975, "Oyoge! Taiyaki-kun", kuhusu keki yenye umbo la samaki inayochoka kuchomwa kila siku na kutorokea baharini. Zaidi ya nakala milioni 4.5: kila mkazi wa Nairobi kwa sensa ya 2019, na ziada inabaki. Mwimbaji Masato Shimon alilipwa yeni 50,000 kwa mkupuo mmoja. Hakuna aidoru aliyeigusa rekodi hiyo hadi leo.

6. Mauzo ya haraka zaidi kwa mkono: Morning Musume

Mwaka 1997 wasichana watano walishindwa kwenye shindano la uimbaji la televisheni. Mtayarishaji Tsunku akawapa sharti: uzeni nakala 50,000 za wimbo "Ai no Tane" ndani ya siku tano, mkono kwa mkono, mbele ya watu, au mrudi makwao. Wakaenda Osaka, Fukuoka, Sapporo na Nagoya. Siku ya nne zikaisha.

Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Wasichana watano, ambao wiki chache kabla hakuna aliyewajua, walikutana na umati wa kujaza viti vitano katika kila sita vya uwanja huo. Miaka miwili baadaye "Love Machine" yao ikauzwa zaidi ya milioni 1.6.

7. Kundi kubwa zaidi, hadhira ndogo zaidi: AKB48

Rekodi mbili za kundi moja! Tarehe 8 Desemba 2005, ghorofa ya nane ya duka la Don Quijote, mtaa wa Akihabara, Tokyo, kundi jipya lilifungua ukumbi wake. Ukumbi uliingiza watu 250, abiria wa mabasi manne ya mikoani. Siku hiyo watazamaji wa kawaida waliofika walikuwa 7. Wangeenea kwenye Noah moja. Jukwaani kulikuwa na wasichana 20.

Miaka mitano baadaye Guinness iliwatambua kuwa kundi la pop lenye wanachama wengi zaidi duniani: 48. Hizo ni timu nne za mpira uwanjani na wachezaji wanne wa akiba. Muasisi wao, Yasushi Akimoto, ndiye pia mwandishi wa maneno yao, na singo alizoziandikia maneno zimeuzwa jumla ya zaidi ya nakala milioni 100.

Kwenye mauzo AKB48 walivuka milioni moja kwa singo mara nyingi mno. Ila ndani ya CD kulikuwa na karatasi ya kura ya kumchagua msichana atakayesimama mbele, au tiketi ya kumshika mkono, na shabiki mmoja aliweza kununua makumi ya nakala za wimbo uleule. Enzi ya Seiko mtu alinunua santuri kwa ajili ya wimbo. Ndiyo maana kwenye mizani yangu, 24 zake bado ni nzito zaidi.

8. Mwaka uliotekwa zaidi: 1986

Wiki 52. Katika wiki 36 kati ya hizo, namba moja ya Japani ilikuwa mikononi mwa Onyanko Club: kundi lenyewe, au mwanachama wake akiimba peke yake, au kikundi kidogo kilichochomolewa ndani yake. Wote walitoka kwenye kipindi kimoja cha televisheni cha jioni, baada ya saa za shule. Ni wiki saba katika kila kumi. Mwandishi wao mkuu alikuwa Akimoto yuleyule wa AKB48. Kundi lilivunjwa mwaka uliofuata, 1987.

9. Kuaga mapema zaidi: Momoe Yamaguchi

Momoe alianza Mei 1973 akiwa na miaka 14. Tarehe 5 Oktoba 1980, katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, akiwa na miaka 21, aliimba wimbo wa mwisho, akaiweka maikrofoni sakafuni katikati ya jukwaa, akaondoka. Mwezi uliofuata aliolewa na mwigizaji Tomokazu Miura. Hakurudi jukwaani tena, hata kwa usiku mmoja. Miaka saba na miezi minne na ushee, kwisha.

Angalia tarehe sasa. Siku nne kabla ya maikrofoni hiyo kuwekwa chini, "Kaze wa Akiiro" ya Seiko ilikuwa imeingia madukani. Kiti hakikupoa!

Na Budokan hiyohiyo, yenye nafasi ya watu wapatao 14,000 na iliyojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, ikageuka nyumba ya Seiko. Ameimba humo zaidi ya mara 100. Hata tukihesabu watu 10,000 tu kwa kila onyesho, ni umati wa kuujaza uwanja wa Mkapa zaidi ya mara 16.

10. Taji alilolikosa

Tuzo Kuu ya Japan Record Award hutolewa kila Desemba. Seiko hakuwahi kuichukua. Aliyeichukua, tena mara mbili mfululizo, ni mshindani wake mkubwa wa miaka ya 1980, Akina Nakamori: 1985 kwa "Mi Amore", 1986 kwa "Desire". Alikuwa na miaka 20, kisha 21. Seiko alikuwa mwanga wa asubuhi, Akina alikuwa usiku, na vijana wa Japani waligawanyika katikati kama Simba na Yanga. Mwaka huo wa 1986 Seiko aliondoka na tuzo ya albamu, kwa "Supreme". Mashabiki wa Akina hawajaacha kukumbushia ile kubwa.

11. Safari ya mbali zaidi

Mfalme hapa ni Kyu Sakamoto. Juni 1963 "Ue o Muite Aruko", ulioimbwa kwa Kijapani kitupu, ulikaa namba moja Marekani wiki tatu. Wafanyabiashara wa muziki Uingereza walikuwa wameupa jina la "Sukiyaki", mchuzi wa nyama ambao hautajwi popote ndani ya wimbo. Ni kama taarabu ya kilio cha mapenzi kuitwa "Pilau". Hakuna mwimbaji wa Kijapani aliyefika tena kileleni hapo.

Pink Lady walifika nafasi ya 37 Marekani mwaka 1979 kwa "Kiss in the Dark". Seiko, kwa "The Right Combination" aliyoimba na Donnie Wahlberg wa New Kids on the Block mwaka 1990, alifika ya 54. Ya tatu kati ya hawa watatu. Kwa majina, hata hivyo, aligusa Afrika: singo ya 23 ya mlolongo wake, ya Aprili 1988, inaitwa "Marrakech".

12. Wimbo uliolala na kuamka: miaka 44

"Aoi Sangosho", ule ulioishia namba 2, ule wa lami ya Haneda, ulitoka 1 Julai 1980. Juni 2024, kundi la Kikorea la NewJeans lilijaza Tokyo Dome usiku wa siku mbili. Hanni, mmoja wao, mzaliwa wa Australia, akatoka peke yake, nywele fupi, sketi ya kuchanua, akauimba kwa Kijapani. Ukumbi mzima ulilipuka. Ndani ya siku chache wimbo ulikuwa ukichezwa upya Japani na Korea Kusini kote. Seiko aliurekodi akiwa na miaka 18. Hanni alikuwa na 19.